Unga Yenye Kuchagua

Nalima maboga nyuma ya nyumba yangu, hapa Bunia, tangu tulipohama Butembo na marehemu mume wangu, na sijaona yakipewa heshima kama mwaka huu. Jioni, kabla ya giza, mujukuu wangu Kavira alikuwa anaingia shambani na uzi mweusi. Alitafuta maua dume yaliyo tayari kufunguka kesho yake, akafunga kila moja mudomo, ili nyuki wasimutangulie. Ua dume unalijua kwa kijiti chake chembamba. Ua jike liko na kiboga kidogo chini, kama mama mwenye mimba ya kwanza. Asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, mimi ndiye niliyeyakata, maana Kavira anakata kwa haraka na kutikisa. Niliyapanga ndani ya bakuli ya plastiki yenye kifuniko, nikayatandikia kitambaa chenye maji, tukapanda pikipiki, yeye katikati na mimi nyuma, bakuli juu ya mapaja kama mutu anayebeba mayai.

Motari alituuliza kama tunaenda kuyauza sokoni.

"Tunaenda nayo masomo," nilimujibu.

"Maua yanasoma, Koko?"

"Kuliko weye."

Alicheka mpaka akasahau shimo la barabara, na mimi nikakumbatia bakuli.

Kavira anasoma biolojia katika chuo kimoja cha mji huu, na mwaka huu alikuwa anamaliza. Wazazi wake wanafanya biashara huku na huku, yeye amekulia kwangu. Ananiita Koko, kama wajukuu wote wa hapa wanavyoita bibi zao. Kazi yake ya mwisho, ile wanayoita mémoire, ilikuwa juu ya vumbi la njano la ua dume. Mimi niliishia darasa la sita la primeri, lakini kungoja najua, na ile kazi ilikuwa zaidi ya kungoja. Kwa hiyo alinikubali niketi pembeni ya labo, juu ya kiti cha mbao karibu na ukuta, nikitunza maua yasinyauke.

Siku ya kwanza aliponiita mbele ya mikroskopi, nilifunga jicho lile lililotakiwa kuangalia. Nilipopata namna, niliona mipira ya njano yenye miiba, imelala ndani ya tone la maji ya sukari. Nikangoja. Mupira mumoja ukavimba pembeni, ukatoa mukia mwembamba wenye kung'aa kama uzi wa buibui, na mukia ukaanza kurefuka.

"Iko inatoka!" nilisema.

"Ule mukia ndio unashuka ndani ya ua jike," Kavira aliniambia. "Bila ule, hakuna mbegu, hakuna boga."

Nimekula maboga tangu meno yangu ya kwanza, na sikujua kama kila mbegu ilifikiwa na mukia.

"Na nani anauambia upite wapi?"

"Calcium, Koko. Ile iko mu mifupa na mu maziwa. Inaingia pale kwa ncha, inaambia mukia: kua hapa. Ni mujumbe."

"Sasa weye unatafuta nini na mujumbe wa watu?"

"Nataka kumukamata njiani, nione kama habari itafika."

Cha kumukamata kilikuwa ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Ni unga mweupe, jina lake herufi tupu: EGTA. Kavira aliupata Kampala kwa taabu, ukasafiri mukononi mwa watu mpaka ukavuka ziwa na kupanda kutoka Kasenyi. Unga ule ni wa kiburi. Ukiutia ndani ya maji matupu, unalala chini na kukataa. Mpaka uongeze dawa nyingine kidogo kidogo, ndipo unakubali kuyeyuka. Unga wa namna hii wanauita chélateur, na Kavira alisema jina hilo linatoka kwa makucha ya kaa.

"Kaa ya mu mutoni?"

"Kaa yenyewe. Makucha yake inafunga calcium, kiisha haiachilie. Lakini kuna magnésium, ndugu yake. Hii mbili zinafanana sana. Unga inamuacha magnésium apite."

"Inawajua namna gani?"

"Magnésium ni mudogo kwa ile makucha. Haikai muzuri mule ndani."

Nilifikiri juu ya wafugaji wa upande wa Bogoro. Unaona kundi la ng'ombe, wote rangi moja, pembe moja, na mwenyewe anaingia katikati, anamushika ule wake bila kuuliza mutu. Nilimuambia Kavira hivyo, akaandika. Sijui kama aliiweka ndani ya mémoire.

Sasa, ndani ya tone lenye unga, ile mipira ya njano ililala tu. Hakuna mukia hata mumoja. Kavira alifurahi sana, lakini Profesa Constant, mwenye kumusimamia, alikuja, akaangalia, akavuta mudomo wa chini. Ni mutu mwema, mwenye mashati ya kupigwa pasi, ila hakubali maneno upesi.

"Mademoiselle, ukimwaga pilipili juu ya ile vumbi, itakataa pia kuota. Utasema pilipili inachagua calcium?"

"Hapana, Prof."

"Basi, juri watakuuliza: labda unga yako ni sumu tu. Labda imeua. Utawajibu nini?"

Kavira alimujibu palepale, kama mutu aliyekwisha kulala na swali lile. "Nitawarudishia calcium mbele ya macho yao. Yenye kuamka haikukuwa maiti. Na pembeni nitaweka ingine, niipatie magnésium tupu. Ile isipoamka, watajua ni nani alikuwa anakosekana."

Profesa aliitika. Hapo ndipo kazi yote ilipokaa. Kama angeweza kuonyesha hivyo siku ya kutetea mémoire mbele ya juri, wale maprofesa wa kumupima, Profesa Élise wa Kisangani, mugeni ndani ya juri, angemuchukua katika labo yake aendelee na masomo. Kama hapana, siku ya kutetea ingesogezwa mpaka mugeni apate tena nafasi ya kuja, na barabara zetu munazijua. Ile nafasi ya Kisangani ingepewa mwingine. Na ndani ya kichupa unga ulikuwa umebaki haba, kama chumvi inayokwama kwa kona za chombo.

Hapo wamama wa kanisa wakaingia.

Hapa kwetu Jumamosi asubuhi ni salongo. Kila mutu anatoka na jembe na ufagio, tunakata majani, tunazibua mitaro. Prezida wa wamama wetu ni Mama Adeline, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na mwenye mukono usiolala. Ile Jumamosi mimi nilikuwa Irumu, kwa matanga ya shemeji yangu. Mama Adeline akasimama mbele ya wenzake, akasema: "Mutoto wetu atasimama mbele ya mugeni wa Kisangani, ndani ya chumba yenye tandabui na kuta ya rangi ya udongo? Na siye wamama tuko wapi?" Wakaenda wote. Wakamuomba mulinzi ufunguo, wakatoa meza nje, wakapiga deki. Kiisha wakaleta chokaa ndani ya ndoo kubwa, wakapaka kuta zote, na mawe ya mulangoni, na hata shina la muti ulio mbele ya dirisha, maana namna hiyo ndiyo tunapokea mutu mukubwa. Vikombe vya kioo wakaviosha, wakavipanga kichwa chini juu ya rafu iliyokuwa imepakwa sasa hivi.

Niliporudi kutoka matanga, nikiwa bado na vikwembe vyangu vyeusi, Kavira alinipeleka kuona. Labo iling'aa kama nguo ya ubatizo. Profesa Constant mwenyewe alizunguka humo mikono nyuma, akisema kumbe chumba kilikuwa kikubwa hivi.

Kuanzia siku ile, unga ukaacha kufanya kazi.

Ndani ya tone lenye unga, ambamo mipira ilikuwa inalala, mikia ikatoka. Haikutoka mingi, lakini ilitoka, na yenye kutoka ilirefuka vizuri. Kavira alifikiri amekosea vichupa. Alirudia. Mikia. Alibadilisha sukari. Mikia. Alichemsha maji upya, akaniomba maua ya upande mwingine wa shamba, akaomba hata maua ya jirani, na kila alipoinama juu ya mikroskopi niliona mabega yake yakishuka. Na kila jaribu lilikula unga.

Profesa Constant aliangalia, hakuvuta mudomo mara hii. Aliketi.

"Mutoto, mwezi uliopita inalala, leo inaamka. Hiyo siwezi kuipeleka mbele ya watu. Tusogeze tarehe."

"Hapana, Prof."

"Namna gani hapana?"

"Unga haikubadilika. Maua haikubadilika. Basi kuna kitu kingine kimebadilika, nami nitakishika. Munipe mpaka Ijumaa."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa, nitakuja mimi mwenyewe kukuomba usogeze. Lakini Ijumaa, hapana leo."

Alimuangalia sana. Kiisha akasema, "Baba yako alikuwa mugumu hivi?"

"Muulizeni huyu," Kavira akanionyesha.

"Baba yake ni laini," nilisema. "Hii inatoka kwangu."

Siku ile alikaa akiandika kwa karatasi kila kitu alichogusa tangu asubuhi, akikifuta kimoja kimoja. Mimi nilikuwa juu ya kiti changu, mugongo umeegemea ukuta. Nilipoinuka kwenda kunyoosha miguu, akaniita.

"Koko. Simama hapo. Geuka."

"Nimechafuka?"

Alikuja nyuma yangu. Mugongo wa kikwembe changu cheusi cha matanga ulikuwa mweupe kutoka bega mpaka kiuno. Akapitisha kidole, akakiangalia. Akapitisha kidole juu ya rafu, kidole cheupe. Akachukua kikombe cha kioo kilicholala kichwa chini, akakigeuza kwenye mwangaza wa dirisha, akaona ukungu mwembamba kwenye midomo yake. Akaangalia juu, kwenye kuta zile nzuri.

"Koko, chokaa ni nini?"

"Chokaa ni chokaa."

"Ni calcium." Aliketi chini, juu ya sementi, akaanza kucheka kicheko kisicho na furaha. "Ni calcium tupu. Nimemutuma kaa yangu ashike mujumbe mumoja ndani ya tone, na siye tumemwaga lori nzima ya wajumbe juu ya kichwa yake! Makucha ilijaa, Koko. Ilijaa chokaa, na wengine wakapita."

"Basi tia unga mingi."

"Ingine haiko."

Aliinuka, akapangusa nguo yake. Sikumuona akilia. Alianza kukusanya vikombe ndani ya kikapu, akivifunika na gazeti, kama mutu anayehama nyumba inayovuja.

Jioni Mama Adeline alipita kwangu na avoka, matunda ya kumutia Kavira nguvu. Tulimupa chai. Aliuliza juri wataketi upande gani wa chumba, maana alitaka kuleta vitambaa vya meza. Kavira hakutaka kusema, mimi pia sikutaka, lakini Mama Adeline hana ujinga. Aliona vikombe vimezamishwa ndani ya beseni ya siki, akauliza. Kavira akamueleza polepole, akichagua maneno.

Mama Adeline aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo ni siye tulikuharibia."

"Hapana, Mama. Ukuta iko muzuri. Mulifanya kwa mapendo."

"Mapendo!" Alijifunga kikwembe upya. "Nimepaka hata nyuma ya mulango, mutoto wangu. Nyuma ya mulango, pahali hakuna mutu anaona." Akaondoka, chai nusu, na sauti yake ya ng'ambo ya mto hatukuisikia njiani.

Sasa tulitakiwa kupata pahali pasipo na calcium. Sikujua kama dunia imejaa hivyo. Nilimupa jiko langu. Kavira akasema hapana, majivu ya kuni iko nayo. Nilimupa sebule, sementi iko nayo. Maji ya kisima iko nayo. Chaki ya mashule iko nayo. Nilikuwa nimeanika samaki wadogo wa Kasenyi juu ya ungo kando ya dirisha, akaniomba niwahamishe, na mifupa yao.

"Na mimi?" nilimuuliza. "Mifupa yangu nipeleke wapi?"

"Weye kaa, Koko. Lakini usipige chafya."

Mwishowe alisimama mulangoni mwa chumba changu cha kulala. Chumba hiki ni cha mbao, marehemu alikiongeza pembeni ya nyumba, na kitanda kiko na chandarua kipya. Tulitoa godoro. Tukatandika plastiki mupya juu ya mbao za kitanda, tukapangusa, tukapangusa tena. Tukashusha chandarua, tukakunja pembe zake chini ya plastiki. Kavira akaingia humo na mikroskopi ya chuo, aliyomuahidi Profesa kwa kichwa chake kuirudisha nzima, akakunja miguu. Siki ilikuwa imekula ukungu wa vikombe. Tukavisuuza kwa maji ya betri, yale wanayouza kwa mafundi wa magari, maana yale yamesafishwa, hayana kitu ndani. Nilikuwa nampitishia vitu kupitia pindo la chandarua, kama mutu anayemulisha mama aliyejifungua sasa.

Alitia tone moja tu lenye unga. Moja, asimalize.

Nikaketi nje ya chandarua, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kuku alikuja mulangoni, nikamutazama vibaya, akarudi. Sikuuliza kitu. Mutu anayeangalia kwa jicho moja, ukimuuliza, anapoteza pahali pake.

"Imelala," Kavira alisema.

"Bado tungoje."

Tukangoja tena. Jua likahama kutoka mguu mumoja wa kitanda mpaka mwingine.

"Imelala yote, Koko. Yote!"

Aliweka mukono wake juu ya wavu kutoka ndani, nami nikaweka wangu kutoka nje. Ndani ya kichupa ilibaki ya siku moja, siku ya juri, bila ya kukosea.

Ijumaa alimuendea Profesa Constant, akamueleza kila kitu. Profesa alifurahi, kiisha akashusha sauti. "Vizuri. Basi yale matokeo ya wiki hii, yenye chokaa, usiyataje. Juri hawatauliza chenye hawajui." Kavira aliniambia maneno hayo jikoni, akichambua lengalenga. Nilimuuliza atafanya nini. Akasema, "Nilimuambia aksanti kwa shauri." Alikuwa anavunja vijiti vya mboga kwa nguvu kidogo.

Usiku wa kuamkia siku ya kutetea, wiki iliyofuata, mvua ilipiga. Vumbi la ua likilowana kwa maji yasiyo na sukari linapasuka, halifai tena, na mimi nilikuwa nimenusa mvua tangu mchana. Maua yaliyofungwa uzi yalikuwa chini ya mabakuli na masufuria yangu yote. Asubuhi niliinua sufuria moja moja, na chini ya kila moja ua lilikuwa kavu, mudomo umefungwa.

Labo ilijaa watu. Kavira alikuwa ameleta vikombe na vioo vyake ndani ya boksi lililofungwa plastiki, na juu ya meza akatandika plastiki nyingine, na juu yake akasimamisha kijumba kidogo alichoshona kwa kipande cha chandarua. Watu walicheka. Profesa Élise hakucheka. Ni mama mufupi, mwenye miwani inayoning'inia kwa mukufu, na anasikiliza akitazama mikono ya mutu, si uso.

Kavira alieleza. Ndani ya tone la kwanza, lisilo na unga, mikia. Ndani ya mengine yenye unga, usingizi. Juri waliinama mumoja mumoja, wakaitika. Profesa Constant akamuonyesha kwa kichwa aendelee, arudishe calcium.

"Samahani," Profesa Élise akasema. "Mbele ya kuendelea. Ile kijumba ya chandarua ni ya nini?"

Niliona Profesa Constant akimuangalia Kavira. Angeweza kusema ni ya nzi. Chumba chote kingemuamini.

"Ni sababu ya ukuta, Madame Prof," Kavira alisema. "Wiki iliyopita unga yangu iliacha kufanya kazi. Mikia ilitoka ndani ya matone ambamo haikutakiwa kutoka."

Watu wakanong'ona. Profesa Constant akafumba macho.

"Na ulifanya nini?"

"Nilitafuta. Ukuta hii imepakwa chokaa mupya. Vumbi yake iliingia ndani ya vyombo, unga ikajazwa. Hilo ni wazo langu. Sasa, kama mutanipa nafasi, nitalijaribu mbele yenu."

Alichukua wembe, akaenda kwa ukuta, nyuma ya kiti changu. Akakwangua kidogo. Ukuta mweupe ukabaki na kovu la udongo, upana wa kiganja. Akatia ule unga wa ukuta ndani ya tone la siki. Ukatoa mapovu bila moto. Akaupunguzia ukali kwa ile dawa yake ya kuyeyushia EGTA, akapima kwa kikaratasi kinachobadilika rangi, akapima tena. Kiisha akaugusisha katika tone moja ambamo mipira ilikuwa imelala. Ndani ya tone lingine, pacha la lile, akatia chumvi ya Angletere, ile wanayotupatia tumbo likifunga, maana hiyo ni magnésium. Akafunika yote mawili kwa kijumba cha chandarua, akarudi nyuma, akakunja mikono.

"Sasa?" mumoja wa juri akauliza.

"Sasa tungoje."

Wakubwa hawajui kungoja. Mumoja alitoa simu. Profesa Constant aliangalia saa, akaangalia dirisha, akaangalia saa. Mutu alikohoa nyuma. Kavira hakusogea. Nilijisemea: mutoto, weye unajua kama ile mipira iko hai, basi simama hivyo hivyo.

Profesa Élise akavaa miwani, akainama. Akakaa ameinama. Akasogeza kioo, akaangalia tone la pili, la chumvi ya Angletere. Akarudi kwa la kwanza.

"Hii ya magnésium imelala," alisema. Akaangalia tena. "Na hii ya ukuta iko inatoa mikia."

Akainuka, akamuambia Profesa Constant: "Collègue, njoo uone chokaa yenu." Naye akaja, akaangalia muda murefu kuliko wote, na alipoinuka alikuwa anatabasamu kama mutu aliyevuliwa viatu vya kubana.

"Kwa hiyo haikuwa sumu," alisema.

"Nilikuambia, Prof."

Juri walitoka kushauriana, wakarudi upesi. Walimupa alama ya juu, wakaitamka kwa Kifaransa kirefu, na Profesa Élise akaongeza kwa Swahili yake ya Kisangani kwamba anamungoja mwezi ujao, aje na chandarua yake. Wamama wa kanisa, waliokuwa wamebanana nyuma, wakapiga vigelegele. Lakini sauti moja ilikosekana. Kavira aliisikia kukosekana kwake kabla yangu. Aliwaacha wenye kumupongeza, akatoka nje.

Mama Adeline alikuwa amesimama karibu na ule muti wenye shina jeupe, vitambaa vya meza mukononi, vimepigwa pasi na kukunjwa.

"Siingii," alisema. "Nitaharibu tena kitu."

"Mama, njoo."

"Niambie tu kama ulipita."

"Njoo uone chenye chokaa yako imefanya."

Alimuvuta kwa mukono mpaka mbele ya mikroskopi. Mama Adeline akainama, akafunga jicho lile lililotakiwa kuangalia, sawa na mimi. Nilimugeuza kichwa. Akasogeza vitambaa kwa kwapa, akainama zaidi.

"Ile yenye kutembea ni nini?"

"Ni mukia. Ilikuwa imelala. Chokaa yako ndiyo imeiamusha."

"Ile ya ukuta? Ile niliyopaka mimi?"

"Ile ile."

Mama Adeline akainuka taratibu, akageuka, akaona kovu la udongo nyuma ya kiti changu, pale wembe ulipopita. Akalitazama kwa jicho la mwenye nyumba.

"Imebaki chokaa kidogo ndani ya ndoo," alisema. "Nitaziba pale Jumamosi."

"Hapana, Mama," Kavira akamuambia. "Pale muache vile."